Mdomo Kwanza, Bunduki Baadaye: Kuwafunza Wageni Kucheza kama Timu

"Huyo! Huyo pale! Huyo!"

Simama mlangoni mwa saiba yenye gemu hapa Kisumu Jumamosi alasiri na utaisikia kelele hiyo. Kijana ameuawa, amemwona aliyemuua, anajua hata kona aliyojibanza, na habari yote anayowapa wenzake wanne ni "huyo pale". Pale wapi? Kila mmoja ana skrini yake. Wenzake wanageuza shingo kutazama skrini ya marehemu, na kabla hawajazirudisha, nao wameshalala.

Nawafunza vijana Counter-Strike 2 kwenye chumba cha kompyuta sita huku Kondele. Wengi wakifika kwangu mkono tayari wanao, kwa sababu wamecheza gemu za bunduki kwenye simu miaka na miaka. Wasichojua ni kusema, na kukaa karibu na mtu. Ndiyo maana mafunzo yangu huanzia mdomoni. Kulenga kutakuja, na kwa kweli hilo mtu hujifunza mwenyewe akiwa peke yake usiku.

Kwa asiyeijua gemu yenyewe: ni watu watano kwa watano. Washambulizi wana bomu moja, wanatakiwa kulitega kwenye kiwanja A au B. Walinzi wanazuia, au wanalitegua likishategwa. Ukiuawa unakaa nje hadi raundi iishe. Raundi ni dakika 1 na sekunde 55, timu zinabadilishana upande baada ya raundi 12, na wa kwanza kufikisha 13 ndiye mshindi. Risasi ya mwenzako nayo inakuumiza. Watoto wa shule ya msingi siwapokei. Ni gemu ya kuuana, na mama ya mtu akija kuniuliza nataka niwe na jibu.

Hatua ya kwanza: tembeeni ramani bila kupiga hata risasi moja

Chagua ramani moja tu, yaani mahali pamoja ambapo mechi inachezwa. Sisi tunatumia Mirage. Fungua mechi ya mazoezi, toa roboti wote (wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta), waambie watembee polepole dakika kumi na tano. Watalalamika. Waache walalamike wakitembea.

Kila kona lazima iwe na jina, na jina liwe ambalo mtu analitamka hata akiwa ameshtuka. Majina ya kimataifa yapo, ya Kiingereza, na mwanzoni nilijaribu kuwakaririsha. Haikufaa. Mtu akipigwa kwa ghafla anarudi kwenye lugha ya nyumbani, na ndipo "huyo pale" inapozaliwa. Basi tuliibatiza Mirage upya. Katikati ya ramani, ambako kila mtu lazima apite au aogope kupita, ni Kondele. Soko lililo kando ya kiwanja B ni Kibuye, kama soko letu la Kisumu, hilo halikuhitaji mjadala. Mteremko wa kupandia kiwanja A ni Riat, kama vilima vyetu. Jumba la kifahari linalofungukia A tuliliita Ikulu. Vyumba vya kupita kuelekea B ni Ploti. Njia nyembamba ya kutoka katikati kwenda A ni Kichochoro, na lile gari lililoegeshwa B ni Matatu.

Usiwape majina wewe. Waache wayatafute wenyewe, hata yakiwa ya kipuuzi, maana jina ulilolipigania huwezi kulisahau. Siku ya pili wajaribu hivi: mmoja afumbe macho, mwingine asimame mahali kwenye ramani, ampe jina tu, na aliyefumba aeleze mtu akiwa hapo anaweza kutazama wapi. Wakikosea zaidi ya mara mbili, rudini kutembea.

Baadaye, wakianza kukutana na wageni mtandaoni, watahitaji pia yale majina ya Kiingereza. Hilo ni la mwezi wa pili.

Hatua ya pili: mahali, idadi, hali

Taarifa ina vipande vitatu, kwa mpangilio huo huo kila mara. Mahali kwanza, kwa sababu hata ukikatizwa hapo umeshasaidia. Kisha wangapi. Kisha wakoje: ameumia, ana bunduki ya kulengea mbali, amebeba bomu.

"Kibuye, wawili, mmoja ameumia."

Maneno manne matano na yametosha. Mchezaji huanza raundi na afya 100, na ukiuawa gemu yenyewe inakuonyesha umempunguzia adui kiasi gani. Ukimpiga 70, waambie amebaki thelathini. Kwa mwenye bastola mkononi, kujua kwamba adui amebaki thelathini kunabadilisha uamuzi mzima.

Halafu sheria ambayo ni ngumu kuliko zote: aliyekufa anasema mara moja, kisha ananyamaza. Hasimulii alivyokufa, halaumu, haelekezi. Gemu hii husikilizwa kama inavyotazamwa. Nyayo za adui zinasikika, na aliyebaki peke yake dhidi ya wawili anazitegemea nyayo hizo kuliko macho. Marehemu wanne wakipiga kelele kichwani mwake ni sawa na kumziba masikio.

Zoezi letu ni la njugu. Nachora Mirage kwa chaki juu ya meza, nanunua njugu za shilingi ishirini kwa mama aliye nje, na mmoja anakaa ameipa skrini mgongo. Wenzake wanacheza raundi na kutoa taarifa. Yeye anapanga njugu kwenye mchoro kufuata anachosikia: njugu mbili Kibuye, moja Kichochoro. Adui akiuawa, njugu yake inaliwa. Raundi ikiisha tunalinganisha meza na kilichotokea kweli.

Siku ya kwanza meza ilikuwa na njugu kumi na moja za maadui watano. Kila mtu alikuwa ametangaza mtu yule yule upya. Nilimwuliza kijana aliyepanga alijisikiaje. "Kochi, nilidhani tumevamiwa na kijiji." Tangu hapo walijifunza kuongeza neno "yule yule" wanapomwona mtu aliyekwisha kutajwa. Sikuwafundisha hilo neno mimi. Njugu ndizo zilizowafundisha.

Hatua ya tatu: deni

Hapa ndipo nawaomba mtumie wiki mbili nzima, hata kama mengine yote mtayapitia haraka haraka.

Mwenzako akiuawa, amekuachia deni. Aliyemuua ametoka tu kufyatua risasi, bunduki yake bado imeruka juu, amejulikana alipo, na macho yake yako pale alipoanguka mwenzako. Kwa muda wa sekunde moja au mbili hivi huyo ni mtu rahisi kuliko wote kwenye ramani. Ukimlipa hapo hapo, mnabaki wanne kwa wanne, na mmepata nafasi mliyokuwa mnaitafuta. Ukichelewa, ameshajificha, amejaza risasi, nanyi mko wanne kwa watano bila chochote mlichopata. Timu ya wageni ikishindwa raundi, mara nyingi ukiangalia vizuri utakuta madeni matatu manne ambayo hayakulipwa, kila mtu alifia kichochoro chake peke yake.

Kulipa deni kunategemea umbali, na umbali haufundishiki kwa maneno. Nilitumia kamba ya manila ya mita tatu. Tulitoka nje, kwenye ujia wa nyuma ya saiba, vijana wawili wakaishika huku na huku, wakawa wanaingia mlangoni mmoja baada ya mwingine. Kamba ikikaza umebaki nyuma mno, mwenzako atakufa kabla hujafika. Ikiburura chini mmebanana, na bomu moja la mkono litawapata nyote. Mama wa njugu alitucheka siku hiyo hadi akafuta machozi. Lakini waliporudi kwenye kompyuta nilikuwa nasema tu "kamba!" na wanajirekebisha.

Kisha zoezi lenyewe kwenye gemu. Wawili wanatoka Ikulu kuingia kiwanja A, mimi nimejificha humo peke yangu. Sharti: wa kwanza haruhusiwi kupiga risasi. Kazi yake ni kuingia, kutaja nilipo, na kufa. Wa pili lazima anipate. Mara ishirini, halafu wanabadilishana.

Kwa nini nimnyime risasi? Kwa sababu kijana anayefika kwangu anaamini kufa ni aibu. Anaingia nusu, anachungulia, anarudi, anachungulia tena, na aliye nyuma yake hajui kama wanaenda au hawaendi. Akishakufa mara ishirini kwa amri ya kochi, na kila mara mwenzake akanipata, aibu inamtoka. Anaanza kuingia kama mtu aliyeamua. Ndiyo maana pia nimewakataza kubonyeza kitufe cha kuonyesha ubao wa matokeo katikati ya mechi. Ubao unahesabu nani ameua wangapi. Nani aliingia wa kwanza ili wenzake wapite, hauna safu ya hilo.

Wapangeni kwa jozi na jozi ikae kompyuta zilizo pamoja. Wa tano anakuwa huru. Mpe mtulivu kuliko wote.

Hatua ya nne: moshi mmoja, mwanga mmoja

Mitandaoni kuna video zinazoonyesha namna mia za kurusha mabomu ya moshi. Mgeni akizitazama anajua mia na hawezi hata moja. Mfundishe moshi mmoja wa kushambulia A, arushe mara hamsini akiwa peke yake, basi. Kila mtu na moshi wake.

Bomu la mwanga lina sheria moja: taja kabla ya kurusha. "Mwanga!" na wenzako wanageuza uso. Anayewapofusha wenzake mara mbili kwa siku moja ananunua chai.

Hatua ya tano: pesa ni za chama

Kila mchezaji anaanza na dola 800 na anajinunulia silaha mwanzoni mwa raundi. Mkishinda, kila mmoja anapata 3,250, au 3,500 kama ni kwa bomu kulipuka au kuteguliwa. Mkishindwa mnapewa kifuta jasho: kiwango cha chini ni 1,400, na kinapanda kwa 500 kila mnapozidi kushindwa mfululizo, hadi 3,400. AK-47 ni 2,700. Fulana ya kuzuia risasi pamoja na kofia ni 1,000. Moshi 300, mwanga 200. Jumlisha: mshambulizi aliyejikamilisha anahitaji 4,200.

Sasa, mgeni akiwa na 3,000 ananunua AK-47 na kuingia vitani kifua wazi, huku wenzake wamebaki na bastola kwa sababu wameamua kungoja. Anakufa, bunduki inaokotwa na adui, na raundi inayofuata, wenzake wakiwa tayari, yeye hana kitu.

Niliwaeleza kwa jedwali, hawakunielewa. Nikawaambia hiki ni chama, kama vile vya kuchanga na kuweka pesa pamoja. Mnanunua pamoja au mnaweka pamoja. Hakuna anayetoa hela zake peke yake kabla ya zamu. Na mwenye nyingi anamnunulia aliyepungukiwa, maana gemu inaruhusu kudondosha silaha chini mwenzako aiokote. Kila mmoja wao ana mama au shangazi kwenye chama. Walielewa kwa dakika mbili.

Kwa vitendo: mwanzoni mwa kila raundi nahodha anauliza "tunanunua?" na anajibu mwenye pesa kidogo kuliko wote. Akisema hapana, ni hapana kwa wote.

Hatua ya sita: mpango mmoja wa kushambulia, na hesabu ya bomu

Mpango mmoja. Wawili Riat, wawili Ikulu, wa tano abaki karibu na Kondele asikilize kama walinzi wanahama. Moshi mitatu inatua kwenye njia ambazo walinzi wanazitumia kukimbilia A, mwanga unafuata, jozi zinaingia kwa wakati mmoja. Mkiwa walinzi: wawili A, wawili B, mmoja Kondele. Msiongeze kitu hadi haya yafanyike bila mtu kuuliza.

Lililo muhimu zaidi linakuja baada ya bomu kutegwa, na hapa wageni hutupa raundi walizokwisha kuzishinda. Bomu likitegwa lina sekunde 40. Mlinzi kulitegua anahitaji sekunde 10, au 5 akiwa na kifaa cha kutegulia ambacho kinauzwa dola 400. Maana yake, zikibaki sekunde 9 na mlinzi hana kifaa, ameshachelewa. Zikibaki 4, hata mwenye kifaa amechelewa.

Nilikuwa na kijana mmoja, mwepesi ajabu, mtoto wa mvuvi wa Dunga. Alitega bomu wakiwa watatu dhidi ya wawili, kisha akaondoka kwenda kuwawinda hao wawili. Akampata mmoja, wa pili akampata yeye. Wenzake kuona hivyo nao wakatoka kutafuta, mmoja mmoja. Mlinzi wa mwisho akatembea hadi kwenye bomu, akalitegua akiwa hana wa kumsumbua. Nilimwuliza: baba yako akishatega nyavu, huwa anaruka majini kuwafukuza samaki? Alicheka, lakini hakurudia.

Basi zoezi: wape bomu limeshategwa, watatu kwa wawili. Wakae mahali ambapo wote watatu wanaliona bomu kutoka pande tofauti. Hakuna kusogea. Mmoja ahesabu sekunde kwa sauti. Wataona jinsi mlinzi mwenyewe anavyolazimika kuja.

Hatua ya saba: kochi anyamaze

Hili nililijifunza kwa aibu. Miezi ya mwanzo nilikuwa nasimama nyuma yao naelekeza kila kitu: wewe rudi, wewe tazama Kichochoro, rusha sasa. Tulikuwa tunashinda. Jioni moja stima za tokeni zikakaribia kuisha katikati ya mechi, nikatoka nje na simu kununua nyingine, mtandao ukanisumbua, nikakaa kama raundi tano. Niliporudi walikuwa wameshindwa zote tano na hakuna aliyekuwa akiongea. Walikuwa wamesubiri sauti yangu.

Tangu wiki ya tatu, kwa hiyo, ongea kati ya raundi tu, na sentensi moja. Chagua nahodha, na umbadilishe kila wiki, hata yule mkimya. Hasa yule mkimya. Wetu aliyekuwa hasemi kabisa alipopewa unahodha aligeuka bora kuliko wote, kwa sababu neno lake lilikuwa moja na lilisikika.

Hatua ya nane: tazameni vifo

Mechi za mashindano zinaweza kupakuliwa na kutazamwa tena ndani ya gemu. Msitazame mechi nzima, mtalala. Rukeni kutoka kifo hadi kifo, na kwa kila kimoja ulizeni swali moja tu: nani alikuwa wa kulipa deni hili, na alikuwa wapi? Usiulize kwa nini alikosa risasi. Vifo kumi vinatosha kwa siku.

Kabla ya kuwapeleka mtandaoni

Chagueni seva za Johannesburg kama mnaweza. Zile za Ulaya zinachelewesha risasi na kijana ataanza kujilaumu kwa kosa la waya. Anayetukana, zima sauti yake, msijibizane.

Na hali ya hewa. Kwa mtu wa Nairobi hili ni kichekesho, lakini hapa mawingu yakijikusanya alasiri upande wa milima ya Nandi, ujue stima ziko mashakani. Ukitoka katikati ya mechi ya mashindano, hata kama ni stima zimepotea, gemu inakuhesabu mtoro na kukufungia: mara ya kwanza dakika 30, ukirudia saa mbili, kisha siku nzima, kisha wiki. Timu nzima ikikatika pamoja, wote watano wanafungiwa. Mechi inaweza kufika karibu dakika arobaini. Mkiona wingu, chezeni na roboti.

Mirage ikishakuwa kama mtaa wao, wapeni ramani ya pili na muanze tena na majina. Sisi tulikwenda Inferno. Ina njia moja iliyopinda kuelekea B ambayo dunia nzima inaiita ndizi. Nilijiandaa kwa ubishi mrefu, lakini haukuchukua hata dakika: hiyo inaitwa Kisii, kwenye ndizi zenyewe.